Chaji ya Polepole

Kompyuta ya baba yangu iliandika, kwa Kiingereza chake kikavu, kwamba kidhibiti cha USB hakijibu na kwa hiyo kichukuliwe kuwa kimekufa. Mstari wa chini yake ukaongeza kwamba kimekufa kweli na sasa mabaki yanasafishwa. Sijui ni nani aliyeyaweka maneno hayo ndani ya kiini cha Linux, mfumo unaoiendesha, ila mtu huyo hajawahi kukaa msibani. Kwetu hata mbuzi akifa watu hunyamaza kwanza.

Niliyasoma nikiwa Mbale, kwenye duka tunakotengeneza kompyuta, huku mteja kutoka Nakaloke akiwa amenisimamia kichwani na laptopu yake iliyomwagikiwa chai ya maziwa. Kompyuta yenyewe ilikuwa Jinja, mezani kwa baba, na mimi nilikuwa nimeingia ndani yake kwa mtandao. Diski ilikuwa salama. Joto lilikuwa la kawaida. Kitu kimoja tu kilikuwa kimekata roho, na hicho ndicho kilichokuwa kikimwezesha baba kusema.

Niseme mapema kidhibiti ni nini, ili tusisumbuane mbele. Ni kipande kidogo kwenye ubao wa kompyuta kinachosimamia matundu yale ya kuchomekea vitu: kibodi, kipanya, flashi. Kikilala, vyote vinalala nacho. Watu wengi likiwapata hilo husonya, huzima, huwasha, na maisha yanaendelea. Kwa baba yangu kibodi ilikuwa koo.

Baba alikuwa askari wa magereza. Ni mtu wa kaskazini aliyeletwa Jinja na uhamisho akiwa kijana, akazeekea hapo, akamzika mama yetu hapo, akastaafu na kupanga vyumba viwili kwenye ua wa wapangaji, mwendo mfupi kutoka kwenye ukuta alioulinda maisha yake yote. Sauti yake ilijulikana. Akitoa amri kwenye gwaride, sisi watoto wa laini, zile nyumba za askari, tuliokuwa tukicheza upande wa pili wa uwanja tulisimama wima bila kutaka. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, kwa sababu mama alikuwa wa huku mashariki na yeye wa kule, na lugha ya kambi ndiyo iliyowakutanisha. Hadi leo nikikasirika nakasirika kwa Kiswahili, na waendesha boda wa Nkoma, mtaa wa Mbale ninakokaa sasa, wakinisikia hunyooka wakidhani mimi ni polisi.

Kisha koo likaota uvimbe. Madaktari wakakata kilichobidi kukatwa, wakamwachia tundu la kupumulia chini ya shingo, ambalo hulifunika kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Alitoka hospitali akiwa hai, na tulishukuru. Sauti ilibaki huko.

Mwanzoni aliandika kwenye karatasi, na ilikuwa taabu kutazama. Jirani yake mmoja, mama wa Kiislamu anayeuza vitenge sokoni, ambaye sote twamwita Hajati, anasoma vizuri tu, lakini miwani yake haijawahi kuwa mahali alipo yeye. Rafiki yake mwingine ni sajini mstaafu wa polisi. Huyo alisoma karatasi za baba kwa sauti ya kusomea mashtaka, akajibu papo hapo, akaendelea na habari zake kabla baba hajamaliza mstari wa pili. Mtu anayeandika hawezi kumkatiza anayesema. Baba, aliyekuwa bingwa wa kukatiza watu, akawa anasubiri zamu, na zamu haikufika. Simu ya kugusa kioo tulijaribu pia. Vidole vile vilivyozoea funguo za gereza viligusa herufi za jirani, kila neno likatoka kilema, akairudisha kwenye boksi lake kwa heshima na hakuigusa tena.

Ndipo nikamletea kompyuta. Ofisi moja hapa Mbale ilikuwa inabadilisha mashine zake, nikachukua moja bapa ya mezani, nikaisafisha, nikaweka Linux, na ndani yake programu ya kusoma maandishi kwa sauti, ambayo kwa bahati inajua Kiswahili. Unaandika, unabonyeza kitufe kikubwa cha kulia, inasema. Kibodi niliitafuta ile nene ya zamani yenye vitufe vya kelele, maana baba alijifunzia kuandika kwenye taipureta ya ofisi ya gereza na hajui kugusa kitu kwa upole.

Sauti yenyewe ilikuwa kichekesho. Ilikuwa ya kiume, ya puani, ya mtu aliyefungiwa ndani ya debe. Ilikitamka Kiswahili cha kambi cha baba kwa makini mno, silabi kwa silabi, bila kukosa hata moja. Siku ya kwanza aliandika, tukasubiri, debe likasema: "Mimi iko hapa. Nani naleta chai?"

Sajini alicheka hadi akafuta machozi. "Afande amerudi," alisema, "lakini amerudi kama redio ya Tanzania."

Baba akaviponda vitufe. Debe likasema: "Wewe nyamaza. Mimi nazungumza."

Na watu wakanyamaza. Nakumbuka alivyotazama huku na huku chumbani, akihakikisha kwamba ni kweli wamenyamaza kwa ajili yake. Nilirudi Mbale nikiwa na furaha ya kijinga, ile ya kumpita kila mtu barabarani ukitaka akuulize umefanya nini.

Furaha hiyo haikukaa. Baba alianza kunitumia ujumbe kwenye kile kisimu chake cha vitufe, wa neno moja: "Imekufa." Hakuna salamu. Alasiri nyingi, nikiwa katikati ya kazi, simu inatetemeka: "Imekufa." Naingia kwa mtandao, nakuta yale maneno ya kidhibiti kutojibu, nakitenganisha na draiva yake, ile programu inayokiendesha, kwa amri moja, nakirudisha kwa amri nyingine, na mara nyingi kinafufuka. Namwandikia: jaribu sasa. Ananijibu: "Iko sawa." Lakini mazungumzo yake yalikuwa yamekwisha kumpita. Alikuwa katikati ya kisa, midomo ya watu iko wazi inasubiri mwisho, debe likakatika. Ukirudi baada ya hapo, kisa kimepoa.

Nikaanza kutafuta. Niliamini ni draiva, kwa sababu mtu wa Linux huamini ni draiva mpaka athibitishiwe vingine, na hata akithibitishiwa hunung'unika. Nikabadilisha kiini cha mfumo nikaweka kipya zaidi. Kikafa. Nikarudi kwenye cha zamani zaidi. Kikafa. Nikazima ile tabia ya kulaza vifaa visivyotumika ili kuokoa umeme, ambayo ndiyo mshukiwa wa kwanza kwenye kila jukwaa la mafundi duniani. Kikafa hivyo hivyo. Nilisoma malalamiko ya watu wa nchi nisizozijua, kila mmoja akiwa na kidhibiti chake kinachokufa, na chini ya kila lalamiko watu wengine wakiandika kwamba hata wao. Halafu kimya. Hakuna aliyerudi kusema amepona.

Nikaenda Jinja. Na hapa ndipo hasira yangu ilipopata makao.

Nikiwa pale haikufa. Nilikaa mbele yake, nikachomeka flashi, nikachomoa, nikaibebesha kazi za kijinga, nikampa baba aandike hotuba nzima ya kumtukana Sajini, ambaye hakuwepo kujitetea. Debe liliongea bila kukwama. Hewa ya chumba ilikuwa tulivu, meza imefutwa, vitambaa vya viti vimenyooshwa. Hajati alikuja akanisalimu mlangoni, akaniuliza habari za Mbale, akauliza mvua, akasema, "Sisi tunakuacha na mzee. Mtoto akitoka safari, wageni wengine wanatoka." Akaenda zake. Sajini naye alipita kwa mbali akainua mkono. Huo ndio ustaarabu wa ule ua: mtoto wa mtu akija kumwona mzazi, majirani hawajipenyezi. Niliona ni heshima, na kweli ilikuwa heshima.

Mashine ilipokaa vizuri hadi mchana, nikamuuliza baba, "Inafanya kazi?" Debe likasema: "Inafanya." Nikachukua mkoba wangu. Sikuwa na sababu nyingine ya kukaa. Kazi ilikuwa imenijazana Mbale, na magari ya jioni hujaa upesi. Nilikuwa sijafika mbali sana ng'ambo ya Iganga simu ilipotetemeka. "Imekufa."

Ilikuwa hivyo kila safari. Nikiwepo, nzima. Nikiondoka, mfu. Hakuna kinachomdhalilisha fundi kama kifaa kinachopona akifika, maana hata mwenye kifaa anaanza kukutazama kama umemdanganya, na wewe unaanza kumtazama hivyo hivyo. Nilimshuku baba kwamba anapiga kibodi mpaka anautingisha waya. Nikamwambia, kwa sauti niliyoijutia nikiwa bado naitoa, "Baba, unaandika au unapigana?" Akaandika taratibu sana, kidole kimoja, akinitazama kila herufi. Debe likasema: "Naandika." Kisha akaacha kuandika siku hiyo.

Niliporudi Mbale niliandika programu ndogo ya kukaa macho: ikiona kidhibiti kimekufa, ikifufue yenyewe bila kunisubiri. Nilijivunia sana. Ilifanya kazi kwa muda, kisha ikawa inafufua na kinakufa, inafufua na kinakufa, mpaka kikawa kinagoma kabisa, na dawa pekee ikawa kuchomoa waya wa umeme ukutani. Usiku huohuo nililia, nikiwa nimeweka sufuria ya mchele jikoni kwangu Nkoma. Si kwa ajili ya kidhibiti. Ni kwamba kila nilichokijua nilikuwa nimekitumia, na baba yangu alikuwa bado anakatwa katikati ya maneno, na mimi ndiye niliyempa hayo maneno.

Ukweli niliupata kwa bahati. Duka lilinituma Jinja kuchukua vipuri, nikapita kwa baba alasiri bila kumwarifu. Nikasukuma pazia la mlango.

Chumba kilikuwa kimejaa. Hajati alikuwa kwenye kiti cha mkono, Sajini kwenye kochi, na mama mmoja mjane wa laini, na wengine wawili niliowajua kwa sura tu. Chai ilikuwa inazunguka. Baba alikuwa mbele ya kibodi, mabega juu, anamimina kisa. Na kutoka matundu yote ya mbele ya kompyuta, na mengine ya nyuma, zilikuwa zimening'inia nyaya, nyeupe na nyeusi, na mwisho wa kila waya simu, zimelazwa mezani kwenye kitambaa zimepangwa vizuri.

Vikombe vikashushwa. Hajati ndiye aliyesema, "Eh, mtoto amekuja." Na mikono ikaanza kwenda mezani kuchomoa.

"Acheni," nikasema. "Kwanza niambieni hizi ni nini."

"Ni chaji tu," Sajini akasema. "Sisi nyumba zetu uniti zimeisha. Afande hapa moto yake haikati. Tunaweka simu kidogo, tunakaa na yeye, ikijaa tunakwenda."

Ule ua uko karibu na mto na bwawa la umeme, huo wanaouita moto, karibu kiasi kwamba mtoto anaweza kwenda kwa miguu, na bado nyumba zake hukaa gizani mara nyingi kwa sababu mita hudai kulishwa kwanza. Baba peke yake hakuacha mita yake ifike chini, kwa ajili ya ile mashine. Ukuta wake una tundu moja la umeme, na waya wa nyongeza uliotoka hapo ulikuwa umeshikwa na kompyuta, skrini, kiboksi cha intaneti na birika. Nao wengi hawana tena vichwa vya chaja, wana waya tu. Kichwa kilipotea au kiliungua zamani. Mtu akamwona baba ana matundu matupu kwenye mashine. Mtu akaomba. Na pale uani hakuna anayemnyima mwenzake chaji. Ni kama kumnyima maji ya kunywa. Unaweza, lakini utahama.

Nikachukua waya mmoja nikauangalia, nikataka kucheka nikashindwa. Zile nyaya za barabarani ndani zina nyuzi mbili tu, za umeme. Nyuzi za kuzungumza hazimo. Simu ikichomekwa kwa waya kama huo, kompyuta inailisha bila kujua kwamba ipo. Ndiyo sababu kwenye kumbukumbu zote nilizosoma nikiwa Mbale, mstari kwa mstari, hapakuwa na simu hata moja. Kumi na tano au tano, kwangu zilikuwa sifuri. Kidhibiti kilikuwa kinanyonywa mpaka kinazirai, na mimi nilikuwa nabadilisha draiva.

Na nilipokuwa nikija, walikuwa wakichomoa na kwenda, kwa adabu. Baba alikuwa akiwatangazia kwa debe: "Kesho mtoto nakuja." Wakafuta na meza.

"Baba, ulijua?" nikamuuliza.

Alitazama nyaya, akatazama watu. Akaandika. Debe likasema: "Ni moto kidogo tu."

Sikugomba. Nilijiona mshindi, maana hatimaye fundi ana jibu. Kesho yake nilimnunulia chaja ya ukutani yenye matundu mengi, ya kisasa, ile ya kuchaji haraka. Nikatoa birika kwenye waya wa nyongeza, nikaichomeka chaja pale, mbali na kompyuta. Nikawaeleza wote: simu huku, kibodi kule, msichanganye. Hajati akachomeka yake akaona asilimia zinavyopanda akasema, "Hii inakimbia kama wezi." Wote wakafurahi. Nikaondoka na gari la mapema.

Ujumbe wa "Imekufa" ukakoma. Kila asubuhi niliingia kwa mtandao nikakuta kumbukumbu safi, hakuna kifo, hakuna ufufuo. Pale dukani nilimsimulia kila mtu, hata wateja wa mtaa wa Industrial waliokuja na printa zao na hawakuuliza. Simu ya baba haikutetemeka kwangu tena, na mimi nilichukua kimya hicho kuwa ndicho kupona.

Nilipita tena Jinja muda si mrefu baadaye, kwa shughuli nyingine, nikakaa kidogo. Hajati akaja. Akachomeka simu, akaketi ukingoni mwa kiti, hakuegemea. Baba akamwandikia habari za goti lake, debe likamuuliza, akajibu kwamba goti liko hivyo hivyo. Baba akaanza kuandika jambo refu. Nikaona kwenye skrini ni kisa cha mfungwa mmoja wa zamani aliyekuwa anafuga njiwa, kisa ninachokipenda. Simu ikalia kwamba imejaa. Chai aliyomiminiwa ilikuwa bado inatoa moshi. Hajati akachomoa, akasema, "Asante afande, acha nikimbie, nina nguo zimeanikwa," akapita mlangoni. Baba hakuwa amefika mwisho wa sentensi. Aliifuta. Akaandika kitu kingine akabonyeza, na debe likaliambia pazia la mlango, kwa ufasaha: "Karibu tena. Kunywa chai."

Sajini alifanya hivyo hivyo, kwa haraka zaidi.

Nilielewa pale pale, na nikaumia. Ile mashine ilivyokuwa inagawa umeme wake mdogo kwa simu zote, chaji ilikuwa ya kutambaa. Mtu aliingia saa ya alasiri na jua likazama bado ana nusu. Na simu ni simu, huiachi peke yake nyumba ya mtu, unakaa nayo. Wakikaa, wanasikiliza. Nilikuwa nimeponya kidhibiti kwa kuondoa wasikilizaji. Nikawaza nitafute kitu cha katikati, kigawanyio chenye umeme wake mwenyewe, kinachochaji polepole bila kuigusa kompyuta. Vipo. Nikamwambia baba nitakileta.

"Lakini mashine inafanya kazi?" nikamuuliza, nikisimama.

"Inafanya," debe likasema.

Nikachukua mkoba. Nilipofika mlangoni nilisikia vitufe vikianza tena nyuma yangu, lakini dereva wa boda alikuwa anapiga honi, nikamwambia baba ataniambia nikirudi.

Kigawanyio nilikipata baada ya kukisubiri kutoka Kampala. Siku kilipofika ndiyo siku simu ilipotetemeka. "Imekufa." Nikaingia kwa mtandao, nikajaribu kukitenganisha kidhibiti na draiva na kukirudisha. Amri ilining'inia, haikurudi. Nikamwandikia baba asizime kitu, nakuja mwenyewe.

Nilifika asubuhi iliyofuata. Ile chaja ya haraka ilikuwa juu ya kabati, imezungushiwa waya wake vizuri kama zawadi isiyotumika, na birika limerudi mahali pake. Nyaya zilikuwa zimerudi kwenye matundu ya kompyuta, safari hii bila simu. Wenyewe walikuwa wameshachukua simu zao. Hakuna aliyehitaji kunieleza. Alikuwa amewarudisha kwenye chaji ya polepole. Nilimtazama, naye akarekebisha kitambaa chake cha shingoni na kutazama dirishani.

Skrini ilikuwa bado inawaka, kama nilivyoagiza. Programu ya sauti ilikuwa wazi. Juu yake zilikuwa sentensi zilizokwisha kusemwa jana yake, moja chini ya nyingine, na nilielewa kwamba walikuwa wakizungumza juu yangu, maana baba alikuwa amesema: "Yuko Mbale. Kazi mingi." Bila shaka Hajati aliuliza swali jingine, labda nitakuja lini. Chini kabisa, kwenye kile kisanduku cha kuandikia, palikuwa na jibu ambalo lilikuwa halijabonyezwa. Kidhibiti kilikufa kabla hajafika kwenye kitufe, na maneno yalikuwa yamekaa pale usiku kucha yakisubiri:

"Yeye nakuja tu hii kitu ikikufa."

Niliyasoma. Baba aliniona nikiyasoma. Akanyoosha mkono kwenye kibodi akabonyeza kile kitufe kikubwa cha kulia, kisha tena kwa nguvu, na hakuna kilichotokea.

Nikazima mashine. Nikachomoa waya wa umeme, nikasubiri, nikairudisha, nikawasha. Kabla hata Linux haijaamka, kwenye ile skrini ya mwanzo ya mashine yenyewe, kidhibiti hakikuwamo tena. Awali kilikuwa kinazirai. Sasa hakikuorodheshwa, kana kwamba ubao ule haujawahi kuwa nacho. Niliifungua, nikanusa, na harufu ilikuwapo, kidogo, karibu na matundu ya mbele. Kasha ni bapa, halina nafasi ya kuongeza kadi ya matundu mengine. Kigawanyio changu kutoka Kampala kilikuwa kwenye mkoba, kwenye karatasi yake, na hapakuwa tena na mahali pa kukichomeka. Mashine nyingine ningeipata, ofisi hazikosi kubadilisha, lakini si siku hiyo. Siku hiyo baba yangu hakuwa na neno hata moja, na lile la mwisho alilokuwa nalo nilikuwa nimelizima kwa mkono wangu.

Nilikaa sakafuni na bisibisi. Yeye alikaa kwenye kiti chake juu yangu. Nje palikuwa na jua, sauti ya Hajati ilisikika ikimpigia mtu kelele kuhusu kamba ya nguo, na hakuingia, kwa sababu mtoto alikuwa amekuja. Nilitaka kusema jambo. Nina sauti nzima, koo zima, lugha yangu mwenyewe, na nilichofanya ni kugeuza bisibisi mkononi.

Baba alinigusa bega. Akainyooshea mashine kidole, akainua nyusi kuniuliza.

Jibu nilikuwa nalo tangu ile skrini ya mwanzo. Magari ya Mbale yalikuwa yanajaza watu kituoni.

"Bado natafuta, baba," nikamwambia. "Itachukua muda." Nikaanza kufungua skrubu ambayo haikuwa na haja ya kufunguliwa.

Akanitazama kidogo. Kisha akainuka, akaenda kuweka maji ya chai.